Redio na Karatasi za Halmashauri

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi yake mezani: kusokota vifuko. Mama yake aliuza karanga za kukaanga kwenye lango la shule, na karanga za moto huwezi kumpimia mteja kiganjani. Mama alikunja karatasi katikati, akapitisha kisu kwenye mkunjo, akakata tena, kisha akamsukumia binti yake vipande. Binti alivizungusha kidoleni, akapinda ncha ya chini, kifuko tayari. Mikono yake ilikwenda kama cherehani. Macho ndiyo yaliyomchelewesha, maana hakuna kipande kilichopita mbele yake bila kusomwa.

Karatasi hizo zilitoka ofisi za halmashauri. Kule, karatasi iliyotoka vibaya kwenye printa ilitupwa katika boksi chini ya meza. Boksi likijaa, karani alimpa mlinzi wa getini, naye mlinzi akamuuzia mama kwa gunia. Kila mmoja aliona amefanya jambo la maana. Karani amesafisha ofisi, mlinzi amepata pesa ya sabuni, mama amepata vifuko, na walaji wamepata kitu cha kutazama wakitafuna. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, na hakuna aliyejisumbua kuuliza karatasi zimeandikwa nini, isipokuwa huyo binti.

Ndiyo maana shuleni walimwita Redio. Wakati wa mapumziko alipanda juu ya dawati, akashika rula mbele ya mdomo na kusoma taarifa ya habari. "Kikao cha kamati ya mitaro kiliahirishwa kwa sababu wajumbe hawakutimia," alisoma siku moja kwa sauti nzito ya kiume. "Wajumbe waliofika walikunywa chai ya wasiofika." Sentensi ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi. Ya pili ilitoka kichwani mwake, na ndiyo iliyowavunja watu mbavu. Hata mwalimu wa darasa aliwahi kusimama nje ya dirisha akisikiliza, kisha akaenda zake akifuta machozi ya kicheko.

Lakini mtu ambaye Redio alimsomea hasa ni yule aliyekaa naye dawati moja. Alikuwa msichana mrefu, mpole, shingo ndefu, wakamwita Twiga, na jina lilimkaa kama lilishonwa kwa kipimo chake. Twiga hakucheka kwa sauti. Alitikisika mabega mpaka dawati likatikisika naye, na Redio akiona hivyo alijua taarifa imefika.

Twiga naye alikuwa na hadithi zake. Baba yake alikuwa dereva wa lori, alisema, tena la masafa marefu, huko ambako hata simu haishiki. Mara gurudumu limepasuka katikati ya pori, mara daraja limezolewa na maji. Mwanzoni mwa muhula Twiga alikuja na viatu vipya, vyeusi, vinavyolia vikikanyaga sakafu. Baba amevituma, alisema. Redio, ambaye baba yake alikuwa fundi viatu wa pale pale mtaani na hakuwahi kusafiri zaidi ya kituo cha mabasi, alimwonea wivu kidogo.

Muhula huohuo afisa wa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, dada mmoja kijana mwenye mkoba mkubwa, alikuwa amepita nyumba kadhaa za mtaa akiuliza maswali. Watoto wenye shida wangepewa msaada, ilisemekana. Redio hakuliunganisha hilo na viatu vya rafiki yake. Kwa nini aliunganishe? Viatu vililetwa na lori.

Siku gunia jipya lilipoletwa, Redio alikutana na kipande kilichomshika mkono. Kilikuwa nusu ya kulia ya jedwali, kina alama ya kikombe cha chai, nusu duara ya rangi ya kahawia iliyokatwa na kisu cha mama. Juu paliandikwa "Hali ya nyumbani". Chini, kila mstari ulikuwa na habari za mtoto mmoja. Mwingine mama yake anakunywa pombe. Mwingine analelewa na jirani. Na mstari mmoja ulikuwa mrefu kuliko yote.

Redio alitafuta jina. Tusimwonee, alitafuta kweli, mbele na nyuma. Halikuwapo. Basi akajiambia kwamba habari isiyo na mwenyewe haimuumizi mtu, akakitia kipande mfukoni.

Kesho yake, kengele ya mapumziko ilipolia, alikuwa juu ya dawati kabla mwalimu hajafika mlangoni.

"Zifuatazo ni habari kutoka idara ya vitanda na magodoro," alisema, na darasa likacheka kabla hata hajaanza. Akasoma: "Baba yuko gerezani. Mtoto analala godoro moja na bibi yake. Anakojoa kitandani tangu usiku ule baba alipokamatwa."

Kicheko kililipuka. Wavulana wa nyuma wakaanza kusukumana na kunyoosheana vidole, huyu akisema ni yule, yule akiapa kwamba godoro lake ni kavu. Redio alitazama chini, kwenye dawati lake, kuona mabega ya Twiga. Twiga alikuwa akiandika. Mabega hayakutikisika. Penseli ilikuwa imesimama katikati ya neno.

Redio alidhani utani haujakolea. Akamalizia mstari, sauti ikiwa nzito zaidi: "Mtoto anaomba wenzake wasijue."

Hapo darasa zima likapiga meza.

Mvulana mmoja, aliyependa kupanga timu za mpira na kuwapigia kelele wachezaji mpaka akaitwa Kocha, alikuwa akimalizia karanga alizonunua langoni asubuhi. Alitia ya mwisho mdomoni, akakunjua kifuko kuona kama kuna iliyojificha kwenye ncha. Akatazama karatasi. Akatazama ile ya Redio.

"Hebu shuka na hiyo," alisema. "Yangu nayo ina alama ya kikombe."

Alikuwa mtoto tu mwenye kitendawili mbele yake, na alipenda kukitegua. Alivilaza vipande viwili mezani, akavisogeza mpaka duara la chai likafunga. Mistari ya kulia ikakutana na mistari ya kushoto. Kushoto palikuwa na majina. Kocha alianzia kwenye maneno yale marefu, akarudi na kidole polepole kuelekea jina, akafika.

Hakulisoma. Aliinua macho tu na kumtazama Twiga, na wote wakafuata macho yake.

Twiga alifunga daftari, akaweka penseli ndani ya mkebe, akaufunga mkebe. Alitoka akipita katikati ya madawati, na viatu vyake vikawa vinalia hatua kwa hatua, maana hakuna kingine kilichosikika. Alipofika mlangoni, mtu wa nyuma akafanya "psssss" kwa ulimi, kama maji yanayomwagika. Wachache wakacheka.

Redio alibaki na rula mkononi. "Sikutaja jina," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake dawati lilikuwa na mtu mmoja. Siku iliyofuata vilevile. Wiki ilipogeuka, mwalimu wa darasa aliuliza, na kwa kuwa darasa lile halikujua kuficha kitu, aliambiwa yote. Alimwita Redio nje. Redio alikuwa amejiandaa kwa kiboko, na moyoni alikitamani kidogo, kwa sababu kiboko kina mwisho wake. Mwalimu hakumgusa. Alisema yeye mwenyewe alisimama dirishani akacheka habari zile za nyuma, na kwamba angepaswa kumshusha dawatini siku ileile. Kisha akampa vile vipande viwili alivyovichukua kwa Kocha, akamtuma kwa mama yake akaeleze kwa mdomo wake, uleule unaojua kutangaza.

Mama alikuwa langoni, amepanga vifuko kwenye sinia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, Mama, lakini sikutaja jina."

"Nimekuuliza jina?"

Mama alitazama vifuko vyake, alivyovipanga kwa uzuri kama maua, na kwa mara ya kwanza akaona vimejaa maandishi. Alivifunika kwa kitambaa. Mteja mmoja alikuja na mkono mbele, akaambiwa leo hakuna.

Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Twiga. Kilikuwa chumba kimoja, kimefagiwa vizuri, kimegawanywa kwa pazia. Godoro lilikuwa limesimamishwa ndani, ukutani nyuma ya mlango, sehemu yenye doa ikitazama ukuta. Jua lilikuwa nje, kali, tele, la bure. Lakini godoro la nyumba ile lilikaushwa gizani, na Redio hakuhitaji kuambiwa kwa nini. Nyuma ya pazia mtu alikuwa kimya kwa namna ambayo Redio aliijua.

Bibi yake Twiga aliwapa kigoda na ndoo iliyopinduliwa. Mama alimwamkia, akaanza kuomba msamaha, bibi akamkatiza kwa upole. Aliwaeleza kwamba yule dada mwenye mkoba aliketi papo hapo alipoketi mama. Bibi alikataa kusema, siku ya kwanza. Siku ya pili yule dada alimwambia kwamba bila maelezo mtoto hapati viatu wala chakula cha mchana, na akaapa kuwa maneno yataishia ofisini.

"Ndugu zangu wenyewe sijawaambia mwanangu yuko wapi," alisema bibi. "Nikaiambia halmashauri. Na halmashauri ikaenda kufungia karanga."

Aliinuka, akatafuta mtandio wake. Alisema watakwenda wote watatu, sasa hivi. "Na huyu Redio wenu aje. Akatangaze na huko."

Ofisi za halmashauri zilikuwa na benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa. Walikaa mpaka likawachoka. Mwishowe waliitwa kwa mkuu wa idara, bwana mwenye meza ya kioo na kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Redio alikitazama kile kikombe, akatazama karatasi zilizokuwa chini yake.

Mkuu alisikiliza nusu, kisha akashika vile vipande viwili kwa ncha za vidole. Aliuliza nyaraka za halmashauri zimefikaje kwa muuza karanga. Mama akamweleza: boksi, karani, mlinzi, gunia. Mkuu alisema hilo ni kosa kubwa, kuwa na nyaraka za ofisi nyumbani, na kwamba mama angeweza kushtakiwa. Mama alikuja kuomba haki, akajikuta anatafuta pa kuficha mikono.

"Tena karatasi zenyewe ni taka," mkuu aliendelea. "Tatizo hapa ni huyu mtoto aliyezisoma."

"Amesoma kwa sababu mlimjengea shule," bibi alijibu. "Mlitaka afanyeje, azinuse?"

Karani aliyekuwa mlangoni aliinamia mafaili yake kwa ghafla. Mkuu alikohoa, akasema kwa sauti laini kwamba kama bibi ana wasiwasi, jina la mjukuu wake linaweza kufutwa leo hii. Bila shaka na msaada nao utasimama, viatu, chakula, vyote, kwa kuwa huwezi kumsaidia mtu ambaye humjui.

Redio alikuwa mtoto, lakini alielewa. Bibi alikuwa anaambiwa achague: mjukuu wake ale au asichekwe.

Ndipo yule afisa wa ustawi alipoingia. Alikuwa amesikia kutoka chumba cha pili, ambako kuta zilikuwa za mbao na siri hazikukaa. Alimwangalia bibi, si mkuu wake.

"Bibi, mimi ndiye niliyeandika," alisema. "Printa ilipindisha ukurasa, nikachapa mwingine, ule wa kwanza nikautupa kwenye boksi. Sikufikiria mara mbili. Ningekuwa nimeandika habari za mama yangu, ningeuchana."

Kisha akamgeukia mkuu na kumwambia kwamba msaada hauwezi kusimama, kwa kuwa mtoto hana kosa lolote. Alisema jina litabaki kwenye faili moja, ndani ya kabati lenye kufuli. Na shule ipewe majina tu ya wanaokula, bila sababu, maana mpishi hahitaji kujua baba wa mtu yuko wapi ili ampakulie chakula. Alisema yote haya haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akipumua atanyamaza. Mkuu alikunywa chai. Akasema sawa, litaangaliwa.

Na kweli liliangaliwa. Kabati lilinunuliwa. Mashine ya kukatakata karatasi ikaletwa, ikawekwa mapokezi ambapo wageni wataiona. Mkuu wa idara alipigwa picha kando yake. Mlinzi wa getini, aliyekuwa akibeba tu boksi alilopewa, ndiye aliyefukuzwa kazi. Kila kosa linahitaji mtu wa kulibeba, na yeye alikuwa amezoea kubeba.

Gunia la mama lilirudishwa ofisini. Kuhusu vifuko vilivyokwisha kuuzwa, mkuu alisema hivyo sasa ni takataka za mtaani, si kazi ya halmashauri.

Basi vikawa kazi ya Redio. Hakuna aliyemtuma. Alichukua mfuko, akaanzia langoni, akashuka na mtaro. Vifuko vilikuwa kila mahali: kwenye majani, chini ya benchi la fundi baiskeli, ndani ya maji machafu. Alivikunjua kimoja kimoja kutoa mchanga, akavibana na kuvitia mfukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, na ugumu haukuwa wa kuinama. Yeye aliyezoea kusoma mpaka karatasi ya sabuni alilazimika kugeuza uso kila mara, kama mtu anayepita kwenye mlango ulioachwa wazi. Wenzake walimkuta wakamcheka. Kocha naye alicheka kidogo, kisha akaokota viwili vilivyokuwa karibu na mguu wake, akampa bila kuvitazama.

Siku ya tatu mtaro ulimfikisha nyuma ya nyumba ya Twiga. Aliinama kuokota, na alipoinuka Twiga alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

"Hiyo imeandikwa nini?" Twiga aliuliza.

"Sijui."

"Wewe? Hujui?"

"Sijaisoma."

Twiga aliutazama mfuko. Hakusema amemsamehe, na Redio hakuuliza. Alishika tu mdomo wa mfuko, akaufungua, Redio akatia karatasi.

Bibi aliwaita ndani. Alikuwa ameketi mbele ya jiko. Aliuvuta mfuko, akaanza kulisha moto kwa vile vifuko, kimoja kimoja, akisubiri kila kimoja kiungue kabisa ndipo atie kingine. Alipozungumza, hakumtazama Redio, alitazama moto.

"Mjukuu wangu, karatasi ikikufikia mkononi ni yako, fungia karanga. Habari za mtu zilizomo ndani si zako. Wale wakubwa niliowapa wazitunze walizitupa. Wewe ambaye hukupewa, ukazitangaza. Unasema hukutaja jina. Wao nao wanasema walitupa taka tu. Kila mtu ana nusu yake ya karatasi, na kila mtu anaona nusu yake haina neno. Huyu mtoto ndiye aliyezibeba nusu zote mbili. Siku nyingine ukishika jambo la mwenzio, usiulize kama lina jina. Jiulize ungekuwa wewe, ungetaka lisomwe?"

Redio alisema hapana. Sauti yake ilikuwa ndogo hata moto uliizidi.

Jumatatu Twiga alirudi shuleni. Hakukaa dawati lake la zamani. Aliomba lingine, mbele zaidi, na mwalimu akampa bila kuuliza. Hadithi za lori hazikusikika tena. Siku moja mtu alifanya "psssss" akageukiwa na darasa zima kwa macho makali, na Kocha akamwambia atafute bomba lake nje. Hakurudia. Mama alianza kufungia karanga kwa magazeti ya zamani, na wateja wakalalamika kwamba wino unashika vidole.

Mvua iliponyesha wakati wa mapumziko na wote wakabaki ndani wakipiga miayo, mtu mmoja aliita kutoka nyuma, "Redio, hebu tupe taarifa bwana, tunakufa hapa."

Kwenye dawati la mbele, penseli ya Twiga ilisimama.

"Haisemi," Redio alijibu, akiwa amekaa. "Betri zimekwisha."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Twiga hakugeuka. Lakini baada ya kitambo kidogo penseli yake ilianza tena kuandika.